Mjomba anasema breki unaisikia kwa mguu, mimi kila nikishuka mlima roho inanitoka

Shikamoo Anti,

Mimi kijana wa miaka 27, nakaa Newala, nina mke na mtoto wa mwaka na nusu. Naomba jina usiweke maana huku kwetu watu wakisoma wanapigiana simu, na mwenye gari akijua itakuwa kesi ya ukoo mzima.

Naendesha Noah ya mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, mjomba ndo alinilea, ndo alinipeleka jandoni, mahari yangu ilipobaki laki mbili akamalizia yeye bila kuniambia, nilikuja kusikia kwa mama. Mwaka juzi akanipa hii gari akasema shika uendeshe maisha yako. Hesabu elfu 40 kila siku, Jumapili ya kwangu. Napiga Newala Masasi, kuchele nishapakia, narudi jioni na mizigo. Kwa hiyo unaona Anti huyu sio bosi wa kumjibu jibu tu.

Sasa kama wiki ya tano breki ya mbele kushoto ikaanza kulia, mlio mwembamba kama mluzi, nikigusa breki kidogo inalia, nikikanyaga sana inanyamaza. Nikampigia mjomba akasema hilo vumbi la huko wanakojenga barabara, mwagia maji. Nikamwagia, ikanyamaza siku mbili ikarudi. Nikaenda gereji, fundi akachungulia kwenye matundu ya rimu na tochi ya simu, hata tairi hakufungua, akasema pedi zimebaki kama karatasi. Hapo hapo akaanza kuandika, pedi za mbele elfu 45, ufundi elfu 10, tairi za nyuma vipara weka mbili mpya, shokapu mbili za mbele, boli joint, nini na nini, karatasi ikafika laki 7 na ushee.

Nilivompelekea mjomba ile karatasi alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia mwanangu mimi nimeendesha lori la korosho toka Tandahimba mpaka bandarini Mtwara miaka 14, breki unaisikia kwa mguu, haisomwi kwenye karatasi ya fundi mwenye njaa. Akaja mwenyewe, akakanyaga pedeli mara tatu, akasema mbona ipo juu. Akafungua boneti akaona mafuta ya breki yameshuka akaongeza, akafunga, akasema tayari, tairi bado zinatembea, tusubiri korosho, mnada ukipigwa tukilipwa kitu cha kwanza ni tairi nne mpya na hizo pedi zako. Na kweli sa hivi hela hakuna, alikopa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, mwezi wa sita.

Mimi nikanyamaza. Afu Jumamosi ya juzi ndo kilichonifanya niandike. Nashuka mlima nimepakia, mbele kuna bodaboda kabeba magunia mawili, nimemfata taratibu mguu upo kwenye breki muda wote, mara mama mmoja siti ya nyuma akasema mwanangu mbona panukia kama sufuria tupu imesahauliwa motoni. Nikadhani ni pikipiki. Kwenye kona bodaboda akapunguza ghafla, nikakanyaga, Anti pedeli ikaenda chini laini kama nakanyaga godoro. Nikapampu mara mbili mara tatu, ikashika, nilibaki na kama mita moja hivi. Abiria hawakujua. Mimi nilifika Masasi nikakaa ndani ya gari nusu saa mikono inatetemeka, soda nimeishika hainyweki.

Jioni nilimwambia mjomba akasema ulikuwa na spidi. Sikuwa na spidi.

Tairi za mbele hazina shida, alinunua mtumba mwezi wa sita kashata, yani yale meno ya tairi, imejaa. Za nyuma ndo zimelala kabisa, ila kavu zinashika vizuri tu sijawahi kuteleza. Naogopa mvua ikianza.

Mama yangu Ijumaa anapanda gari hii kwenda Masasi, mke na mtoto wanapanda. Sasa Anti nifanyeje, niache gari? Nikate kwenye hesabu kimya kimya ninunue pedi nimwambie abiria walikuwa wachache? Au nivumilie imebaki mwezi na kitu? Na nitajuaje kweli zimefika mwisho na sio fundi ananichuna? Mke wangu anasema niache, lakini nikiacha tunakula nini, na mjomba nitamtazamaje usoni.

Wako, dereva wa Newala.

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Ile soda isiyonyweka nimeielewa. Marehemu mume wangu naye alikuwa dereva, siku moja alirudi nyumbani akakaa uani mpaka magharibi hajavua hata viatu, nami nilimsema kwa uvivu, kumbe lori lilimponyoka mlimani mchana ule. Alinieleza baada ya miaka. Kwa hiyo kwanza nikushukuru kwamba wewe umesema mapema.

Barua yako nimeichukua nikaenda nayo kwa fundi ninayemuamini hapa Lindi mjini, maana mimi ya kulea ukoo nayajua lakini ya chini ya gari lazima niulize. Nitakuchanganyia maneno yake na yangu.

Nikikuelewa, una mambo mawili umeyafunga kitambaa kimoja. Moja ni la chuma na mpira, pedi na tairi zimefika mwisho au bado. Jingine ni la wewe na mjomba, nani mwenye kauli juu ya gari na utasemaje na mtu aliyekulea bila kuonekana umeota pembe. Hilo la pili ndilo zito, nakubali, lakini tuanze na la kwanza maana naona hata nyie wawili hamjalikalia sawasawa, kila mmoja anabishana na kitu ambacho mwenzake hajakiona.

Mjomba anasema breki unaisikia kwa mguu. Nilipomsomea fundi hilo nikategemea atacheka, hakucheka. Akasema mzee huyo hakudanganyi, anakwambia ukweli wa gari lake la zamani. Malori yale yalikuwa na breki za dramu magurudumu yote, zile shuu zinazobana dramu kwa ndani zikiisha pedeli inazama, unaingia chini na spana unakaza inarudi juu, kwa hiyo mguu kweli ulikuwa unaambiwa. Noah yako mbele ina diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Pedi zikilika, ile pistoni inayozisukuma inasogea mbele yenyewe kuzifata, pedeli inabaki pale pale juu toka pedi ikiwa mpya mpaka inafika kwenye bati la mgongoni mwake. Mguu hauambiwi kitu. Ndio maana alikanyaga mara tatu akakuta ipo juu, na haki yake aliona ipo juu.

Na yale mafuta ya breki aliyoongeza ndiyo yalikuwa yanamwambia. Pistoni ikitoka zaidi inahitaji mafuta mengi zaidi nyuma yake, kwa hiyo kwenye kile kichupa yanashuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyoisha. Yakishuka, mtu anapaswa aulize ama pedi zimekwisha ama kuna mahali panavuja. Kuongeza na kufunga boneti ni sawa na kuona mtungi unapungua ukaujaza bila kuangalia kama una ufa. (Na siku pedi mpya zikifungwa pistoni inarudishwa ndani, yale yaliyoongezwa yanafurika nje, mwambie fundi apunguze kwanza maana yanakula rangi ya gari.)

Kuhusu ule mluzi, mjomba anaweza kuwa sahihi nusu. Vumbi linaliza breki, kutu ya usiku nayo inaliza, sisi wa pwani tunaijua, asubuhi unatoka gari linakoroma mikanyago miwili linanyamaza. Lakini pedi nyingi zina kijichuma kimetegwa pembeni, pedi ikibaki nyembamba kinagusa diski kinapiga mluzi, kazi yake ni hiyo tu kukusumbua masikio. Mlio unaorudi kila siku wiki tano, ukimwagia maji unanyamaza siku mbili tu, mimi nisingeuita vumbi bila kufungua tairi. Na huo ukibadilika ukawa wa kusaga, grrr ya chuma juu ya chuma, hapo pedi hakuna tena, bati linakula diski, na hesabu ya elfu 55 inageuka ya kuchonga diski au kununua nyingine.

Sasa fundi wako naye. Huna kosa kumtilia shaka kidogo. Kuchungulia kwenye matundu ya rimu kunaonyesha pedi ya nje tu, ya ndani haionekani, na mara nyingi ya ndani ndiyo inawahi kuisha, hasa zile pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, zikikauka grisi. Kwa hiyo alichoona kinaweza kuwa kweli na kikawa afadhali ya kilichojificha. Lakini hakufungua. Ungemwambia fungua tairi mbele yangu, toa pedi zote mbili nione. Pedi mpya ile sehemu nyeusi ya msuguano, bati usilihesabu, ina milimita 10 hivi mpaka 12. Ikibaki 3 mafundi wengi wanabadilisha hawabishani. Rula ya mtoto wa shule inatosha kupimia, hakuna mashine hapo.

Tairi nazo zinapimika hivo hivo. Jipya la gari kama lako linakuwa na kina cha milimita 8 hivi kwenye mifereji, na nchi nyingi sheria zao zinagomea kwenye 1.6. Ukiinama ukaangalia ndani ya mfereji utaona vitutu vidogo vimelala kukatisha, kashata ikiwa sawa na vitutu, tairi limekwisha. Kama hauvioni chukua njiti ya kiberiti, ina unene wa kama milimita 2, ilaze ndani ya mfereji. Ikizama kuna kitu kimebaki. Ikitokeza juu ya kashata, jibu umelipata na halina njaa ya mtu yeyote. Pima katikati na pande zote mbili, na upande wa ndani inama kabisa usiwe mvivu, au kata usukani wote za mbele zijitokeze. Zikiwa zimelika pembeni zote mbili upepo ulikuwa mdogo, zikilika katikati upepo ulizidi, upande mmoja tu ujue alaimenti, magurudumu hayajanyooka, na hapo hata ukiweka mpya zitaenda njia ile ile.

Umeniambia za nyuma zimelala lakini kavu zinashika vizuri. Hapo ndipo kipara kinapomdanganya mtu, maana ni kweli. Kwenye lami kavu mpira mtupu unashika. Kashata haikuwekwa kwa ajili ya kiangazi, imewekwa ili maji yapate pa kupita. Mvua ikija maji yanakosa pa kwenda, tairi linapanda juu yake kama ngalawa, usukani unakuwa mwepesi mkononi na breki hata ziwe mpya hazina cha kushika. Na kwako vipara viko nyuma, maana yake kwenye kona ya mvua mkia ndio utatangulia, na mkia ukitangulia dereva mzuri na dereva mbaya wanakuwa sawa. Ndio maana mafundi wanaojua wanasema ukinunua mbili mpya ziende nyuma, watu wengi wanaweka mbele.

Angalia na kalenda basi. Mjomba anasema tusubiri mnada. Minada yetu inaanza Oktoba, hela kuingia mkononi unajua mwenyewe inavyozunguka, na mvua za huku kwetu zinaanza kunyemelea mwishoni mwa Novemba, Desemba zimekolea. Yani mpango wake unazipeleka hela na mvua kufika mlangoni pamoja. Labda hela itatangulia. Ila nimekaa Kusini miaka mingi, nimeona pia mwaka mvua iliyotangulia.

Ile ya Jumamosi sasa. Fundi wangu aliposikia neno godoro aliweka chini spana. Anasema pedi nyembamba zinapitisha joto haraka kwenda kwenye mafuta, na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani taratibu, ndio maana inashauriwa yabadilishwe yote kila miaka 2 hivi, siyo kuongeza mapya juu ya machafu. Yakiwa na maji ndani, ukishuka mlima mguu umekalia breki muda wote, yanachemka, yanatoa mapovu, na povu ukilikanyaga linabonyea. Hilo ndilo godoro lako. Ulipopampu ukapata bahati. Harufu ya sufuria aliyoisema yule mama ilikuwa breki, siyo pikipiki, na ningekuwa wewe ningemtafuta nimshukuru. Hapa mwanangu nikuulize bila kukushutumu, mlima ule unaushuka kwenye gia ya D? Weka 2, pakiwa wima zaidi weka L, injini ikushike, breki uiguse na kuiachia. Mjomba akisema ulikuwa na spidi unaudhika, lakini huenda ndani ya neno lake kuna hilo la gia analotaka kusema hajui alisemeje. Madereva wa malori ya zamani walikuwa wanashuka na gia ile ile waliyopandia.

Haya, tuje kwa mjomba.

Umeniandikia kama vile yeye hajali. Mimi kwenye barua yako nimemuona mtu mwingine. Aliyemalizia mahari bila kutangaza sio mtu wa kukutoa kafara kwa elfu 45. Naona mzee amekopa salfa, hana hela, na mzee wa kwetu kusema sina mbele ya mtoto wa dada yake ni kuvua nguo sokoni, kwa hiyo anasema bado zinatembea. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndio unamjua. Lakini jaribu kuisoma upya ile siku ya karatasi kwa jicho hilo. Wewe ulimpelekea laki 7. Hukumpelekea elfu 55. Mtu asiyekuwa na laki 7 akicheka, ni kicheko gani kile?

Karatasi ile ilichanganya kinachoua na kinachosumbua. Fundi wangu akiitazama anasema pedi za mbele pande zote mbili ni leo, mafuta ya breki yote ni leo, na wakiwa huko wafungue na dramu za nyuma waone shuu. Tairi za nyuma ni kabla ya mvua. Shokapu na boli joint atikise mwenyewe aone, hawezi kusema kwa barua. Elfu 55 haifiki hata hesabu ya siku mbili, na ukiweka mafuta ya breki itaongezeka kidogo. Ni mazungumzo tofauti kabisa na yale ya laki 7.

Sasa hayo mazungumzo yanaanzaje. Njia moja ni kumwita gereji, siyo kumpelekea majibu. Mzee uliyemwambia tairi limefunguliwa, njoo uniangalizie maana wewe ndio unajua breki, atakuja. Akiishika pedi kwa mkono wake mwenyewe akaona bati, aibu ya kushindwa na kijana haipo, ameona mwenyewe. Hatari yake ni kwamba anaweza kuja, akaona, na bado akasema subiri, na hapo utakuwa umemaliza njia ya upole na mbele ya fundi.

Njia nyingine ni mama yako. Huku kwetu mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake, lakini dada naye ana sauti kwa kaka, na yeye Ijumaa anapanda gari hilo hilo. Akisema kaka mimi naogopa, ni neno la dada, halina ubishi wa ufundi. Ila ukimtuma mama ujue unaweza kuonekana umemshtaki, na kuna wanaume likishakuwa la wanawake wa nyumbani ndio wanakaza shingo. Mama atakuwa anamjua kaka yake kuliko mimi na wewe, muulize kwanza yeye anaonaje kabla hujamwomba aseme.

Hili la kukata hesabu kimya kimya, mwanangu, linanitia wasiwasi kuliko mengine, na siyo kwa sababu ya elfu 55. Pedi zitafungwa, gari litashika, sawa. Lakini umesema utamwambia abiria walikuwa wachache. Newala ni ndogo, fundi ana mdomo, siku likijulikana hakuna atakayezungumzia breki tena, itazungumziwa wizi, na ukweli wako wote mzuri utakuwa umeuzika humo. Kuna kukata kwa wazi, mjomba leo hesabu imekwenda kwenye pedi, risiti hii hapa, pedi za zamani hizi hapa kwenye mfuko. Huko nako anaweza kukasirika akachukua ufunguo, siwezi kukuahidi. Unaweza hata kutoa kwenye Jumapili zako mbili ukamwambia utanirudishia ukilipwa korosho, hapo unabeba wewe, na mke wako ana haki ya kuulizwa maana ni hela ya nyumba.

Kuna kuishusha gari kwenye kazi nyepesi kwa muda, usishuke mlima, upige huku huku juu, Tandahimba. Leseni ya njia iangalie usije ukatoka kwenye moto ukaingia kwenye faini, na hesabu ya 40 sidhani kama itafika, kwa hiyo bado lazima mkae na mjomba. Na pedi iliyokwisha imekwisha hata tambarare, mtoto wa mtu akikatiza barabara Tandahimba hajui kama hapana mlima.

Na kuna kuacha. Mke wako amesema uache na simlaumu, yeye anawaza yule mtoto wa mwaka na nusu. Kuacha kuna gharama yake umeshaitaja. Lakini tofautisha kuacha gari na kulala gari. Kusema mjomba leo sipakii mpaka tairi lifunguliwe ni siku moja, mbili, siyo kurudisha ufunguo na kuvunja undugu. Atanuna. Wajomba wananuna, nimeolewa kwenye ukoo wa wajomba wanaonuna, huwa wanarudi, wengine wanachelewa.

Kuna swali nimelizunguka toka mwanzo, niliseme. Wiki tano umesikia mluzi, Jumamosi ukakanyaga godoro, na Jumatatu naamini ulipakia. Naelewa kwa nini. Ila nimejiuliza kama sehemu yako moja inangoja mjomba aseme badilisha ili likitokea jambo liwe lake. Kwa trafiki haiendi hivyo, gari bovu anayekutwa analiendesha ndiye anayeulizwa kwanza, na mwenye gari anafuata. Na hata trafiki tumuweke pembeni, wale abiria walioingia asubuhi walikutazama wewe usoni ndio wakaingia. Hili sikwambii ili ulale macho. Nakwambia kwa sababu umeniuliza kama una haki ya kumjibu mjomba, na mimi naona umekaa kwenye usukani, kauli kidogo unayo.

Utakayoamua yatakuwa yako, wewe ndiye unayeujua uso wa mjomba wako saa ya jioni akishakula, ambao mimi sijawahi kuuona.

Pedi mpya zikishafungwa, kabla hujatoa gari gereji kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo. Na kilometa mia mbili tatu za mwanzo usizikanyage kwa hasira ili zikae vizuri kwenye diski.

Halafu hizo tairi za mbele ulizosema hazina shida. Umeangalia kashata, umri hukuangalia. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza wiki mbili za mwisho mwaka, ukikuta 1113 ni wiki ya 11 ya mwaka 2013, yani tairi lingekuwa mtoto lingekuwa linasubiri matokeo ya darasa la saba. Kwa mtumba hilo sio ajabu, linakaa miaka halijatembea kashata imejaa lakini mpira umekauka, ukilikunja unaona nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha kiangazi. Likifika miaka 5 au 6 linataka kukaguliwa kila mara, likipita 10 wengi wanalitoa hata kama linapendeza. Kama namba upande wa nje haipo kamili, ipo upande wa ndani, ingia chini.

Na spea tairi hujaitaja kabisa. Kaisome na yenyewe, uniandikie namba zote tano.

Anti